Nati ya Bosi

Mlio wa upepo ulipanda ghafla, ukawa kama filimbi.

"Dada, mbona ndege inalia hivi?" fundi aliuliza kutoka nyuma, kati ya makreti ya soda.

Rubani alishtuka. Alikuwa amesinzia macho wazi. Safari ya nne tangu alfajiri, na sasa wingu la usiku limewameza wazimawazima. Kipimo cha kuonyesha ndege imelalia upande gani kilikufa zamani. Bosi aligoma kununua kingine. "Tundikeni nati kwa uzi," aliwaambia, meno nje. "Ikikaa wima, mko sawa. Marubani gani mnataka kudekezwa?"

Nati ilikaa wima. Mwili wa rubani nao uliapa kwamba wako sawa.

Lakini dira ilikuwa ikizunguka, na kimo kinashuka mbio. Ndege inageuka huku inazama, na nati inalala nayo, ndiyo maana inaonekana wima! Nati inadanganya, kama bosi aliyeiagiza.

Akapunguza injini, akapinda usukani kinyume cha mzunguko. Mwili ukapiga kelele: unapinduka, rudisha! Hakurudisha. Dira ikatulia. Ndipo akavuta usukani.

"Shika!"

Wakatoboa wingu wakiwa chini mno, matete ya kinamasi yakachapa tumbo la ndege. Bawa likang'oka. Tope likawapanda hadi magotini.

Paja la fundi lilikuwa limechanika. Rubani akalifunga kwa shati lake la kazi.

"Maji haya yananyweka?" fundi aliuliza.

"Yana mafuta, usiguse. Hebu sikiliza. Jenereta?"

"Ya uwanjani ile. Inakohoa hivyo tangu niitengeneze."

"Na wewe unajiita fundi! Haya, niegemee."

Walikokotana kukifuata kikohozi hicho mpaka kukapambazuka. Uwanjani, bosi alisimama nje ya ofisi, shati limenyooka kwa pasi.

"Ndege yangu iko wapi?"

Si "mmeumia?" Ndege yake! Wafe kwa ajili ya soda! Na nyuma yake ndege ya pili ilishapakiwa. Rubani mwenzao, macho mekundu kwa kukesha, alikuwa anafunga mkanda. Mbele ya pua yake inaning'inia nati nyingine.

Rubani alipanda na tope lake, akaukata uzi kwa meno.

"Shuka, kaka. Nenda kalale."

"Akishuka, wote hamna kazi!" bosi alifoka.

Mwenzao alilitazama paja la fundi, damu ikichuruzika. Akafungua mkanda, akashuka.

Rubani akamtumbukizia bosi nati kwenye mfuko wa shati.

"Kiti hicho. Rusha mwenyewe."