Nilimwapisha Mwanangu Kuwa Hatukai Kwetu

Nina miaka arobaini na tisa, ni mjane, na nimepanga chumba kimoja Tandika. Msinionee huruma bado... ngojeni kwanza niseme niliyoyafanya, halafu kila mtu aamue mwenyewe.

Marehemu mume wangu aliniachia binti mmoja, Zuhura, na nyumba ya vyumba vinne Temeke. Nyumba ile tuliijenga kwa kujinyima. Kuna mwaka mzima tulikula dagaa ili tupate bati! Alipofariki, ndugu zake walikuja na maneno yao. Nikawaambia anayeitaka nyumba hii anipitie mimi kwanza. Wakaondoka. Mdomo ninao, sikatai.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, miaka kama minane iliyopita sasa, nikaingia kwenye biashara ya kuleta bidhaa kutoka Guangzhou, China. Wakati ule Waswahili tuliokuwa kule tulikuwa wa kuhesabika, na wanawake ndiyo kabisa. Nilikuwa nafikia hoteli ya bei nafuu pale mtaa wa Xiaobei, nikiamka nazunguka maduka ya jumla na kikokotoo mkononi. Kichina changu kilikuwa salamu, bei gani, na ghali! Lakini tulielewana. Mambo yakaninyookea. Nikirudi Dar watu wananiita Mama China, nami kichwa kinavimba...

Zuhura alikuwa na miaka kumi na tisa, anasomea ukatibu muhtasi. Yeye ndiye aliyebaki nyumbani kila niliposafiri.

Safari ya nne, Mzee Seif, mwenye duka la viatu Kariakoo, akanikabidhi fedha zake nimletee kontena la viatu vya shule. Mtu mzima, mcha Mungu. Hakutaka rehani wala mdhamini, karatasi moja tu na sahihi zetu.

Nilikwenda kiwandani, nikaona sampuli, nikaivuta soli kwa mikono yangu. Imara! Laoban, ndivyo tulivyowaita mabosi wa viwanda, akanimiminia chai na kunichekea. Nikalipa. Kosa langu ni kwamba siku ya kupakia sikwenda kufungua maboksi. Mvua ilikuwa inanyesha, nimechoka, nikajiambia sampuli si nimeiona? Wallahi, uvivu wa asubuhi moja!

Kontena lilipofika Dar, soli zilikuwa zinabanduka zikipigwa na jua tu. Mimi nilikuwa bado Guangzhou. Mzee Seif aliponipa habari hizo kwa simu, nilikimbilia kiwandani na pumzi hazinitoshi. Lango limefungwa mnyororo. Laoban hayupo. Mlinzi ananipungia mkono tu, "Meiyou, meiyou!" Hakuna, hakuna. Nikakaa palepale chini nikalia kama mtoto.

Basi nikawa nimefilisika. Mtaji wangu umekwenda, na fedha ya mtu imekwenda.

Sasa sikilizeni. Mzee Seif hakunitukana. Alinipigia tena hotelini, akaniambia kwa upole, "Bi Mwanaidi, rudi nyumbani tuzungumze. Utanilipa kidogo kidogo." Nikasema sawa, Mzee wangu, nakuja. Sikurudi! Mama China arudi mikono mitupu, Waswahili wanicheke? Nikabaki Xiaobei, nabangaiza kwa kuwatafutia wenzangu bidhaa. Simu zake nikaacha kupokea. Miezi ikapita, akachoka, akaenda mahakamani.

Siku moja Zuhura akanipigia. "Mama, tarishi wa mahakama amekuja na samansi yako. Niipokee?"

Nikamkataza. Nikamkimbilia shoga yangu Mwajuma, mfanyabiashara mwenzangu aliyeijua Guangzhou kabla yangu. Akacheka hadi akajishika mbavu. "Shoga, unahangaika na nini? Waambie umehamia huku moja kwa moja. Mahakama ya Dar itakufuata Xiaobei?"

Na kweli, huo ndio ulikuwa mchezo wetu wafanyabiashara wa kule. Mtu akidaiwa Dar, amehamia China. Akidaiwa China, karudi Dar. Tulikuwa tunacheka! Mimi pia nilicheka...

Nikampigia Zuhura. Nikamwambia ahamie kwa mama yake mkubwa Tanga, vyumba vyote vinne viingie wapangaji, na kodi anitumie mimi. Ila kabla ya kuondoka, aende akaape kiapo cha mahakama kwamba mama yake amehamia China kabisa, na yeye naye hakai tena Temeke. Kwamba nyumba ile si makazi yetu.

Akasema, "Mama, huo si uongo? Kwa nini tusiende tu kuongea na Mzee Seif?"

Ningemsikiliza mwanangu! Badala yake nilimfokea. Nani mama kati yangu na yeye? Ada ya chuo nani anamlipia? Akaanza kulia. Nikakata simu, eti dakika zinakwenda.

Akaenda. Mtoto wangu, aliyelelewa kwenye madrasa, akashika msahafu akaapa nilichomwambia.

Mnadhani kesi ilikufa? Wapi! Wito ulitangazwa gazetini, kesi ikasikilizwa bila mimi, Mzee Seif akashinda. Halafu simu ikaja kutoka kwa mama mkubwa wa Zuhura, dada yangu. Wapangaji wamempelekea habari kuwa dalali wa mahakama ameandika kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wetu. Nyumba inauzwa!

Nilikopa nauli nikarudi Dar. Sikwenda hata kuoga, nilikwenda moja kwa moja kwa wakili, mama mmoja mtu mzima. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama niliiweka nyumba rehani. Nikasema hapana. Akatikisa kichwa.

"Mama, nyumba hii ilikuwa haiguswi. Sheria yetu inasema nyumba anayoishi mdaiwa na wanawe haikamatwi kwa deni kama hili lako. Ungefilisika ukabaki na kijiko, paa lingebaki lako. Ila sharti muwe mnaishi humo."

Jamani! Nikasema basi twende tukawaambie tunaishi humo! Leo hii natoa wapangaji, Zuhura anarudi chumbani kwake, nani atajua?

Wakili akamtuma karani wake mahakamani kuchukua nakala ya faili la kesi, kisha akalifungua. Akanisomea kiapo cha Zuhura, neno kwa neno, na sahihi yake ya kitoto chini. Akavua miwani.

"Tukisema mlikuwa mnaishi humo, tunasema binti yako alidanganya mahakama chini ya kiapo. Hilo lina kifungo. Sema wewe, mama. Nyumba au mtoto?"

Nikaifunika sahihi ya mwanangu kwa kiganja. Yeye mwenyewe akalifunga faili.

Siku ya mnada nilisimama upande wa pili wa barabara. Mzee Seif alikuwepo. Alichukua haki yake, kilichozidi nikakabidhiwa mimi, na kikamezwa na madeni yangu mengine. Alinipita, akasimama, akasema, "Mimi nilitaka tuzungumze tu." Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Zuhura hakunisema hata siku moja. Alimalizia chuo hukohuko Tanga, akapata kazi. Mwaka jana akapata mchumba, wazee wakataka kuleta posa. Nikasafisha chumba changu, nikaazima mkeka kwa jirani, nikanunua na vikombe. Akanipigia simu. "Mama, usiumie... nimewaambia waje huku kwa mama mkubwa. Bibi harusi lazima atoke kwao."

Kwao! Nikasema sawa, mwanangu.

Nilikwenda Tanga kwa basi kama waalikwa wengine. Dada yangu ndiye aliyekaa mlangoni kuwapokea wageni, maana ni nyumba yake. Mahari ilipoletwa, walimpa mkono yeye kwanza. Mimi nilikuwa uani, naosha sahani, kwa sababu nilitaka kazi ya kufanya nisilie mbele za watu.

Ndugu zangu mnaosoma, hasa nyinyi mnaokwenda mbali kutafuta, nawapigia magoti. Ukidaiwa, rudi. Mfungulie mlango anayekudai, mkalishe, mwambie sina, naomba unipe muda. Sheria ilikuwa tayari kuniachia paa, na mdai alikuwa tayari kunisubiri. Aliyeikana nyumba ni mimi, tena kwa kinywa cha mwanangu. Zuhura ametoka kwao, kama alivyotaka... na kwao si kwangu.