Mstari Usio na Tarehe

Mstari mmoja ulikuwa mtupu. Jepkemei alibofya orodha ikashuka, akapitia tarehe za kuzaliwa za akina mama zaidi ya mia mbili, na katikati yao kulikuwa na pengo.

Hiyo ilikuwa Juni 2008, kwa ofisi ya Ketan, mwajiri wake, ghorofa ya pili hapo Nakuru mjini. Jepkemei alitengeneza kurasa za tovuti, na mimba ya miezi minane ilikuwa imemsukuma mbali na kibodi. Kazi yenyewe ilikuwa ya kliniki moja ya wazazi, ile ile aliyokuwa akihudhuria. Nesi angechagua tarehe ya kuzaliwa ya mama kwenye orodha, kadi yake ifunguke. Shida ni kwamba kompyuta ya kliniki ilileta tarehe zikiwa namba ndefu ambazo binadamu hasomi, kwa hivyo Jepkemei akaandika kiolezo cha kuzigeuza ziwe siku, mwezi na mwaka. Zote ziligeuka isipokuwa hiyo moja, ambayo haikuwa na namba wala jina.

Ketan, mtu wa haraka zake, alimwambia aweke Januari mosi tu. Na nani angemlaumu? Wazee wetu wangapi walizaliwa wakati wa mavuno, karani akawaandikia Januari mosi bila hata kuinua kichwa? Jepkemei akaongeza amri kwenye kiolezo: asiye na tarehe apewe Januari mosi, 1970. Akasikia harufu ya maziwa yaliyochacha, akadhani ni chai ya jana.

Kesho yake mstari ulisoma 1974. Alipoangalia kompyuta ya kliniki, mstari huo bado ulikuwa mtupu. Siku ya tatu ulisoma 1979, jua la saa sita likiwa limejaa dirishani, na nyuma ya mlio wa feni akasikia mtu akibembeleza mtoto, pole pole, kwa pumzi tu, sauti ikizunguka kiti chake na kushuka hadi usawa wa tumbo, na mtoto wake, ambaye tangu asubuhi alikuwa akimpiga mateke, akatulia kabisa, na akabaki ametulia hadi mama yake alipoufunga ukurasa. Jepkemei alizaliwa tarehe tisa Machi, 1981. Kila siku mstari ulikuwa ukisogelea mwaka wake.

Alienda mtaa wa Rhonda kwa Wariara, mkunga mzee aliyezalisha nusu ya mtaa. Alimweleza yote, akingoja achekwe. Wariara hakucheka. Alimshika tumbo kwa mikono miwili, akanong'ona:

"Kuna vitu havijawahi kuzaliwa, mwanangu. Vinazunguka tu, havina pa kushika. Wewe umekipa siku."

"Kinataka nini, cucu?" Jepkemei akamuuliza bibi huyo.

"Kuwa mama. Nenda ukakinyang'anye hiyo siku mapema."

Akarudi mbio, akafuta ile amri. Mstari ukabaki mtupu, harufu ikaisha, na mtoto akapiga teke moja kali hadi Jepkemei akalia kwa furaha, mbele ya wateja, bila haya. Wiki hiyo akachukua likizo ya uzazi.

Sasa Ketan si mtu mbaya. Kliniki ilipiga simu ikilalamika kwamba orodha ina pengo, naye akairudisha ile amri kwa dakika mbili. Hakumwambia Jepkemei. Kwa nini amsumbue mjamzito?

Mtoto alizaliwa Julai, saa nane mchana, katika kliniki ile ile, msichana mwenye sauti ya kuvunja vikombe. Nesi Nanyama alimfunga kwa shuka, akageukia kompyuta iliyo kando ya kitanda ili amwandikishe.

"Kuna tisa Machi 1981 mbili," akajisemea, akachagua ya juu.

Kisha akambeba mtoto, akaangalia kitandani, akaangalia mlangoni.

"Mama ya huyu ameenda wapi?"

Jepkemei akasema yuko hapa. Akasema tena, kwa nguvu, jasho bado likimtoka usoni. Akanyoosha mkono akamshika nesi kiwiko, na Nanyama akajikuna pale pale, kama aliyetuliwa na nzi.

"Niko hapa, sista," sauti ikajibu pole pole kutoka mlangoni.

Nanyama akatabasamu, akapita kando ya kitanda na mtoto mikononi. Mtoto, aliyekuwa akilia tangu azaliwe, akanyamaza.