Tundu Lililozoea Kulishwa

Mkasa huu ulimfika jirani tuliyepakana naye ukuta, fundi wa mtandao, mtu mpole asiyejua kugombana hata na mlango uliokwama. Alifanya kazi katika jengo moja la ofisi pamoja na mdogo wake wa kike, ambaye alimlea mwenyewe tangu wazazi wao walipofariki. Binti huyo aliketi mapokezi, akipokea simu tangu asubuhi hadi jioni, na kwa wingi wa maneno yake kaka yake alimbandika jina la Kasuku.

Siku hiyo ilianza kama nyingine zote. Fundi alikuwa ghorofa ya juu, katika chumba kidogo cha mitambo, akiikagua swichi: chombo chenye safu za matundu ambacho, kupitia waya ule ule wa mtandao, huzipelekea simu na kamera za jengo umeme wa kuziendesha. Kwenye kioo cha kompyuta yake ya mkononi zilipangika wati za kila tundu. Simu hapa, kamera pale, kila kimoja na riziki yake. Kisha jicho likatua kwenye tundu la kumi na saba. Lilikuwa likitoa umeme. Akainua uso kulitazama lenyewe.

Halikuwa na waya.

Akapiga simu mapokezi huku akicheka. "Kasuku, umeanza kuiba umeme kichawi?"

"Mimi? Chaja yangu umeiazima tangu juzi hujairudisha. Mwizi ni nani hapo, kaka?"

Ndipo alipokumbuka. Swichi, kabla ya kutoa umeme, huuliza kwanza iwapo upande wa pili kuna kifaa kinachouhitaji. Pasipo jibu, haitoi. Lakini zamani kidogo kamera kuukuu ya ghala la chini ilikuwa bubu, haijibu, naye kwa kuchoka kusumbuliwa akaiamuru swichi itoe umeme kwenye tundu lile bila kuuliza. Kamera iliharibika, ikang'olewa. Amri aliisahau. Muda wote huo tundu lilikuwa likimimina chakula gizani, pasipo kujali kinaliwa na nani.

Akaifuta amri, akahifadhi badiliko. Tundu likasoma sufuri.

Papo hapo simu yake ikalia, ikitoka mapokezi.

"Kaka." Ilikuwa sauti ya Kasuku, lakini ya kunong'ona; na Kasuku hakujua kunong'ona. "Kuna mtu kwenye laini. Anasema umemnyima."

"Mtu gani?"

"Sijui. Yuko karibu mno. Kaka, nasikia baridi."

Fundi akatazama kioo. Wati za simu ya mapokezi zilikuwa hasi. Katika maisha yake yote ya ufundi hakuwahi kuliona jambo hilo. Swichi haikuwa ikiipelekea simu ile umeme. Ilikuwa ikiupokea.

Akashuka ngazi mbio, kompyuta kifuani. Kasuku alikuwa ameinamia meza, mkono wa simu sikioni, midomo imepauka kama jivu. Akamnyang'anya simu, akauchomoa waya wake. Namba ikaendelea kushuka. Waya umo mkononi mwake, na namba inashuka. Akaifumbata kiganjani ncha ya waya ule, yenye meno yake manane membamba ya dhahabu.

"Mwache yeye," alinong'ona. "Nichukue mimi."

Namba ikasita. Kisha maneno yakatokea kwenye kioo, mbele ya tundu la simu ya mapokezi: Hakuna kifaa.

Alikuwa amepimwa, akakataliwa.

Halikubaki la kufanya ila kulisha. Akairudisha ile amri. Tundu la kumi na saba likaamka, na Kasuku akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini.

"Alikuwa nani?"

"Usiongee, mdogo wangu."

"Mimi nisiongee? Basi kweli naumwa."

Fundi alijaribu kucheka, asiweze. Wati za tundu lile zilikuwa zikipanda. Swichi ina akiba yake ya umeme, na akiba ikikaribia kwisha huwanyima wadogo ili wakubwa washibe. Kamera za korido zikazima. Zikafuata simu, ofisi baada ya ofisi. Alizitazama zikifa, asiinue kidole. Zife, alijisemea. Zife zote.

Meneja akatokea, tai begani. "Simu zimekufa, kamera zimekufa, na fundi amekaa anabembeleza dada yake!"

"Meneja, nakuomba, swichi isiguswe."

"Si wewe unayetuimbia kila siku, zima uwashe? Leo nitaizima mwenyewe."

Akaingia kwenye lifti. Fundi akainuka kumfuata, lakini Kasuku alikuwa ameshika upindo wa shati lake.

"Usiniache naye."

Akasita. Mlango wa lifti ukajifunga.

Kioo kikaganda. Muunganisho umepotea. Na hapo ndipo alipong'amua: ile amri aliyoirudisha hakuwa ameihifadhi. Swichi itakapowaka upya itakumbuka kufuta, haitakumbuka kurudisha. Na hadi itakapowaka, hana pa kuiandikia.

Baridi ilianzia vidoleni mwa Kasuku. Ikapanda. Alimkumbatia. Alimsugua mikono. Alimwita kwa jina lake halisi, ambalo hakulitumia tangu utotoni.

"Kaka," alisema binti, polepole. "Anauliza nyumbani tuko wangapi."

Hakusema tena.

Juu kule mashine ikawaka. Simu za jengo zima zikarudisha mwanga. Meneja akashuka akipangusa mikono. "Umeona? Kazi ndogo kama..." Akamwona Kasuku.

Nyumbani, wanawake walipokuwa wakiuosha mwili wa Kasuku, fundi aliketi nje ya mlango. Shangazi yake akatoka, mikono ikidondosha maji.

"Mwanangu, huyu mtoto aliungua na nini?"

Akamwingiza, akamwonyesha. Nyuma ya sikio palikuwa na mistari minane, myembamba, ya rangi ya dhahabu, iliyopangana kama meno ya kitana.

"Mwili wote barafu," shangazi alinong'ona. "Hapa tu. Hebu gusa."

Akagusa. Palikuwa pa moto. Na kadiri alivyokawiza kidole, moto ule ulikuwa ukipanda, kama zilivyopanda wati za tundu la kumi na saba.