Bwawa Lililosuguliwa Likang'aa

Kila asubuhi ya likizo nilikuwa na kazi moja: kuwatupia chakula samaki wa mama mdogo, gao moja la kiganja, basi. Walikuwa perege ishirini katika kibwawa cha saruji nyuma ya nyumba. Mama mdogo, fundi cherehani, aliwalea tangu wakiwa wadogo kama ukucha. Mkubwa wao nilimwita Mwalimu Mkuu, kwa kuwa alikukodolea macho bila kupepesa hadi ukakumbuka makosa yako yote.

Jumamosi moja mama mdogo alitoka kupeleka nguo za wateja. Nikatazama maji: ya kijani, na kuta zina utelezi. Sasa, mimi ni mwanafunzi wa bweni. Kwetu Jumamosi ni siku ya ukaguzi, na matroni hupitisha kidole hata chini ya kitanda. Nikaona aibu kwa niaba ya samaki. Nikawatia kwenye beseni, nikamwaga maji yote, nikasugua kuta zikang'aa, nikajaza maji ya bomba, nikawarudisha.

Nusu saa baadaye wote walikuwa juu, vinywa wazi, wakitweta. Mwalimu Mkuu alilala ubavu.

"Umewaua," alisema mdogo wangu wa miaka minane, mtoto wa mama mdogo. "Sema ni paka."

"Paka amefungua bomba?"

"Basi sema hujui. Mimi husema hivyo, na mara nyingine hufaulu."

Mara mama mdogo akaingia. Alipoona bwawa, alitupa mkoba, akapiga magoti. "Wamepatwa na nini? Chakula kimezidi? Kuna kitu kimeingia majini? Sema, mwanangu, nijue pa kuanzia!"

"Sijui" ilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Lakini angehangaika kutafuta, na samaki wanakufa. Nikaimeza.

"Nimebadilisha maji yote, mama mdogo. Nimejaza ya bomba. Na kuta nimezisugua."

"Ya bomba yana dawa, yanawaunguza matamvua, hawawezi kupumua! Haraka, kwenye pipa la maji ya mvua!"

Tukawahamisha mbio mbio. Kisha nikawa nachota maji ya pipa na kuyamimina tena humo kutoka juu ili yapate hewa, hadi mikono ikafa ganzi. Jioni, samaki kumi na saba walikuwa wakiogelea vizuri, Mwalimu Mkuu akiwemo. Watatu tuliwazika bustanini, na sikuwa na mzaha wowote.

"Ule utelezi una vijidudu vinavyosafisha uchafu wa samaki," alisema mama mdogo. "Maji hupunguzwa kidogo tu, na ya bomba hukaa wazi siku mbili kwanza. Ungeuliza, watatu wale wangekuwa hai. Usingesema kweli, wote wangekufa. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, kosa likiwa bado linarekebishika."

Mdogo wangu alikohoa.

"Mama," alisema, "ile mashine yako ya kushonea, nayo bado inarekebishika?"