Shimo Chini ya Zege

Kila asubuhi kabla ya shule, Nashilu alimsaidia mama yake kusukuma toroli la ndizi kutoka uani hadi kando ya barabara, pale mtaani Sakina, mama alipokuwa na genge lake la ndizi. Zamani ilikuwa kazi ya dakika tano. Sasa njia ya zege iliyotoka barazani hadi getini ilikuwa imepasuka na kutitia katikati, na kila siku gurudumu lilikwama palepale. Mikungu ishushwe, toroli linyanyuliwe, mikungu ipakiwe upya! Nashilu, mwenye miaka kumi na miwili, alifika shuleni akiwa hoi, na daftari bado hajalifungua.

"Miezi mitano tu tangu zege limwagwe," mama alilalamika Jumamosi moja. "Fundi Gadiel amekula saruji yangu, hakuna jingine. Leo jioni wazee wa kanisa wanachagua fundi wa kujenga ngazi za usharika. Nitawaambia wasimpe huyo."

Nashilu akainamisha kichwa. Yeye alijua kilichofukiwa pale chini.

Kabla ya zege, pale palikuwa na shimo kubwa lililoachwa na kisiki cha mgrevilea. Fundi alitaka lijazwe mawe na moramu, ule udongo wa changarawe, tabaka kwa tabaka, na kila tabaka lishindiliwe. Mama akasema hakuna haja ya kibarua, Nashilu ataifanya kazi hiyo. Nashilu alibeba ndoo nane za mawe, mikono ikaota malengelenge. Kando ya zizi kulikuwa na vigogo vya migomba vya kumkatia ng'ombe. Akavitumbukiza vyote shimoni, akafunika kwa udongo, akaukanyagakanyaga mpaka ukawa sawa. Mama alipouliza vigogo viko wapi, alisema ng'ombe amekula. Na fundi alipouliza, "Umeshindilia?" alijibu bila kupepesa macho, "Nimeshindilia." Fundi akamwamini, akamwaga zege.

Saa nne hivi, Fundi Gadiel, aliyekuwa ameitwa na mama, aliingia akikokota baiskeli. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, na mgongo ulishaanza kumsumbua.

"Shikamoo, Fundi," Nashilu alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu."

Mama hakusubiri. Alimmwagia maneno yote aliyokuwa nayo. Fundi alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Nashilu, mchanganyo niliupima kwa ndoo mbele ya macho yako," alisema. "Lakini nitavunja, niweke upya kwa nguvu zangu. Nakuomba tu usiniharibie jina kwa wazee. Kazi ile nimeisubiri mwaka mzima."

Mama alisonya. Fundi akachukua nyundo na tindo, akaanza kugonga. Aligonga, akapumzika, akashika kiuno, akagonga tena. Nashilu alimpelekea maji.

"Asante," fundi alisema, akijifuta jasho. "Unajua, kila siku najiuliza nilikosea wapi. Miaka thelathini namwaga zege. Labda nimeshazeeka."

Maneno hayo yalimchoma Nashilu kuliko fimbo. Machozi yakamtoka.

"Hukukosea, Fundi. Ni mimi. Nilijaza vigogo vya migomba."

Mama aliketi ukingoni mwa toroli. Hakugomba. "Na mimi nimeshamtangaza vibaya fundi wa watu kwa wateja wangu wote," alisema polepole. "Nisamehe, Fundi. Nashilu, kaoshe miguu. Tunakwenda wote kwa wazee, na utayasema hayahaya."

Jioni, mbele ya wazee, Nashilu aliyasema yote. Wazee walimpa Fundi Gadiel kazi yake.

Kisha fundi alimaliza kuvunja zege bovu, na kazi ya kujaza shimo ikaanza upya. Vigogo vilikuwa vimeoza vikawa uji mweusi unaonuka, na Nashilu aliuchota wote kwa ndoo. Ndipo mawe yakafuata, kisha moramu, kisha kushindilia, Jumamosi mbili mfululizo. Mama alibeba ndoo pamoja naye. Jioni walikula, kijiko kikiwa kizito mkononi kwa uchovu.

Fundi aliporudi, alisimama ukingoni. "Umeshindilia?"

"Nimeshindilia. Lakini pima, Fundi."

Fundi alichukua kipande cha nondo, akakidunga chini kwa nguvu zake zote. Kilikataa kuingia. Akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Kosa langu mimi ni kwamba siku ile niliuliza, sikupima," alisema. "Lakini shika hili, mwanangu. Ukisema umemaliza, mwenzako anajenga juu ya neno lako. Neno likiwa bovu, wewe umeshaondoka, anayeanguka ni yeye."

"Nimeelewa, Fundi."

Zege likamwagwa. Kwa siku saba Nashilu alilimwagilia maji asubuhi na jioni ili likomae bila kupasuka. Siku ya nane walitoka na toroli limejaa mikungu. Walipokaribia mahali pa lile shimo, Nashilu alibana pumzi. Mama hakupunguza mwendo, na gurudumu likapita bila kukwama.