Bomba la Mwisho la Tope

Injini ilikohoa, ikanyamaza, na wimbi lililofuata likaingia botini bila hodi.

"Kumbeni maji!" Profesa alipiga kelele. Alikuwa nyuma kabisa, akivuta kamba ya injini kwa mkono mmoja na kujishikilia ukingoni kwa mwingine. Kijana aliyeitwa Mrefu, mwanafunzi wake wa uzamili, alinyakua ndoo, lakini miguu yake haikuwa na pa kukaa. Boti nzima ilijaa mabomba ya plastiki yenye tope.

Tope hilo ndilo lililowaleta. Walikuwa wamelichimba chini ya ziwa la magadi, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likiwa mvua au ukame ambao hakuna babu wa mtu anayeukumbuka. Mwenye utafiti huo, mwanafunzi wa uzamivu aliyekaa katikati ya mabomba, aliitwa Bi Tope. Wenzake wa maabara walimpa jina hilo kwa utani, naye alilipenda kuliko alivyokiri. Misimu miwili ya uzamivu wake alikuwa amerudi chuoni na mabomba yaliyopasuka. Safari hii alikuwa amepata moja refu kama mtu, zima, halina ufa. Bila hilo, hakuna tasnifu.

"Tunazama! Tupa mabomba yote, mwanangu!" Profesa alimwambia.

Bi Tope akatupa la kwanza, akatupa la pili, akaendelea mpaka likabaki lile refu. Hapo mkono ukagoma. Kando yake lilikuwa dumu la maji ya kunywa, limejaa, uzito ule ule. Ufuko ulikuwa bado unaonekana. Akajiambia kwamba watafika nchi kavu kabla jua halijazama. Profesa alikuwa ameinamia injini; Mrefu alikuwa akipangusa macho yaliyochomwa na magadi. Dumu likaenda majini. Bomba akalisukumia chini ya turubai.

"Yote?"

"Yote, Profesa."

Boti ikanyanyuka, hawakuzama. Lakini injini haikuamka tena, na upepo ukageuka, ukawasukuma katikati ya ziwa mpaka ufuko ukawa mstari tu. Kisha giza likaufuta mstari.

Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia, limenyooka, utadhani si lenyewe lililotaka kuwaua jana. Magadi yalikuwa yamewakaukia usoni. Mrefu alikuwa amechanika kiganja kwa kupambana na kasia moja lililobaki.

"Dada, nipe dumu nioshe kidonda, halafu tunywe."

Bi Tope akatazama turubai. Profesa akafunua turubai. Aliliangalia bomba, akaangalia pale dumu lilipokuwa limefungwa, akalifunika bomba tena taratibu, kama mtu anayefunika maiti. Afadhali angefoka.

"Nilidhani tutafika," Bi Tope alinong'ona.

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Bahati mbaya, kwa mtu aliyeisomea ardhi miaka yote hiyo, siku hiyo ardhi yenyewe haikuwa karibu.

Mrefu alifunga kiganja kwa soksi. Alipokaza fundo, akauliza, "Tasnifu yako si inasema ziwa hili zamani lilikuwa na maji matamu?"

"Ndiyo."

"Zamani lini?"

"Kama miaka elfu tisa iliyopita."

"Basi tumechelewa kidogo."

Profesa akacheka, na kicheko kikampasua mdomo mkavu, damu ikatoka. Bi Tope akaipangusa kwa kona ya khanga yake.

Jua lilipopanda, Profesa aliacha kutoka jasho. Akaanza kuuliza kama karatasi za mtihani zimeshakusanywa. "Zimekusanywa, Profesa," Bi Tope alimjibu kila mara, huku amemshikia turubai apate kivuli. Mrefu aliinama, akachota maji ya ziwa kwa mkono mzima. Bi Tope akamkamata.

"Usinywe, mdogo wangu. Hayo yatakumaliza haraka."

"Na wewe ndiye wa kunifundisha habari za maji?"

Bi Tope hakumwachia mkono mpaka maji yote yalipomwagika.

Alasiri upepo uliamka, safari hii ukielekea ufukoni. Turubai lingeweza kuwa tanga, lakini tanga bila mlingoti ni shuka tu, na kasia walilihitaji kwa usukani. Wote wawili wakaliangalia bomba. Likiwa tupu, lingefaa kuwa mlingoti; Mrefu akageuza uso, hakutaka kumwambia.

Bi Tope alifungua vifuniko, akaliegemeza ukingoni, akalisukuma tope kwa mpini wa kasia. Likatoka vipande vipande: jeusi, la kijivu, lenye mistari myeupe ya ukame, na mwishoni lile la kijani la zama za maji matamu. Lote likarudi lilikotoka. Machozi hayakuwepo, mwili ulikuwa umekauka. Alitamani wenzake waone anavyoumia, na papo hapo akaona aibu kwa kutamani hivyo. Alikuwa anataka asifiwe kwa kulipa nusu ya deni.

"Shika hapa," Mrefu alisema, akilifunga bomba kwa kamba. Turubai likavimba. Boti ikaanza kwenda.

Ufukoni, watu wa kuchota magadi walikuwa wakipakia lori. Dereva aliingia ziwani na nguo zake, chupa juu ya kichwa. Profesa akanyweshwa kwanza, kidogo kidogo, mpaka macho yake yakarudi. Kisha akanywa Mrefu.

"Watu wasomi nyie," dereva alisema, "mnaingiaje ziwa hili bila maji?"

"Tulikuwa nayo," Profesa akajibu, sauti ikikwaruza. "Wimbi lilichukua dumu."

Alilisema bila kumtazama mwanafunzi wake, na Bi Tope akaona heri angezabwa kofi mbele ya watu wote hawa. Dereva akamletea chupa. Aliipokea, akabaki nayo mkononi.

"Halikuwa wimbi," alisema. "Nililitupa mimi. Nililitupa ili nibaki na tope langu."

Wapakiaji wakatazamana. Profesa akafumba macho. Mrefu ndiye aliyenyoosha mkono wenye soksi yenye damu, akaisukuma chupa taratibu mpaka ikamgusa mdomoni.

"Kunywa kwanza, dada," alisema. "Aibu haiendi popote."

Akanywa. Maji yalikuwa matamu mno, akayamaliza yote.