Kabati la Nyumba ya Wageni

Kila asubuhi ya likizo, Kijiti aliamshwa na sauti ya randa. Mama yake alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa banda la mabati lililoegemea ukuta wa nyumba yao, kwa hiyo kazi ikianza huko, usingizi uliishia huku. Kijiti alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwembamba, na jina hilo alibandikwa kwa sababu ya wembamba wake. Alikunywa chai, akafagia maranda, akapanga misumari, huku akimtazama mama yake kwa jicho la pembeni. Alimwonea fahari sana. Watu wengine mtaani walinunua meza. Mama yake alizitengeneza.

Kwa miaka mingi Mama alikuwa ameajiriwa katika karakana ya mzee mmoja upande wa pili wa mji. Jasho lilikuwa la Mama, sifa zilikuwa za mzee. Huu ulikuwa mwaka wake wa kwanza kujitegemea, na kabla mwezi haujaisha alitakiwa kupeleka ritani yake ya kwanza ya kodi, yaani maelezo ya kazi alizofanya, fedha alizopata na gharama alizoingia. Halikuwa jambo la mchezo. Shule ya Kijiti ilikuwa ikihitaji madawati mapya, na mwalimu mkuu alisema wazi kwamba kazi atapewa fundi mwenye cheti cha mlipakodi. Mama aliyataka madawati yale kuliko kitu chochote.

Alikuwa na namna yake ya kuweka kumbukumbu. Kila alipopata kazi alichukua kipande cha ubao, akaandika vipimo upande mmoja na bei upande wa pili, akakitundika msumarini. Kazi ikiisha, kipande kilitupwa katika boksi chini ya meza ya kazi. Risiti za mbao, gundi na vanishi alizihifadhi kwenye kopo la maziwa. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hakuwahi kuona ubaya wake.

Ubaya ulijitokeza Jumatatu. Mama alikwenda kumpelekea mteja kitanda, naye Kijiti akaamua kumfurahisha. Alisafisha karakana mpaka kila kitu kikawa mahali pake. Lile boksi la vipande alilibeba hadi jikoni kwa Bibi, ambaye siku zote alilalamika kwamba nyumba ya seremala haina kuni. Bibi hakuuliza maswali. Mama aliporudi alikuta karakana safi, maji ya kuoga yamechemka, na boksi tupu.

Alilitazama boksi kwa muda, kisha akaketi juu ya stuli ambayo haijapakwa vanishi.

"Bibi yako amewasha moto kwa kuni gani leo?"

"Vile vipande vya takataka, Mama. Nimekufanyia usafi."

"Vile havikuwa takataka, mwanangu. Ile ndiyo hesabu yangu ya mwaka mzima."

Bibi alichungulia kutoka jikoni. "Basi hesabu yenyewe inawaka vizuri," akasema. Hakuna aliyecheka ila yeye mwenyewe, tena kidogo tu.

Jirani yao, fundi wa kuchomelea mageti aliyeitwa Cheche, alisikia yote kutoka upande wake wa ua. Alikuja akifuta mikono kwenye suruali.

"Fundi, unajisumbua bure," akasema. "Andika chochote. Andika kidogo, ulipe kidogo. Nani alikuwa akihesabu vitanda vyako?"

"Mimi," Mama akajibu.

Cheche akamgeukia Kijiti, kana kwamba mtoto ndiye mwenye akili nyumba ile. "Mwambie mama yako. Lile kabati kubwa alilotengenezea nyumba ya wageni likiingia kwenye hesabu, kodi itammaliza. Atanunua nini tena?" Akaenda zake, lakini maneno yake yakabaki kichwani mwa Kijiti.

Mama alichezea penseli iliyokaa nyuma ya sikio lake siku zote. Kisha akainuka. Yule mzee aliyemfundisha kazi aliwalazimisha mafundi wake kuandika tarehe na bei kwenye kila kitu, chini au nyuma, mahali ambapo mteja haangalii, ili kitu kikirudi kutengenezwa pasiwe na kubishana. Mama alikuwa ameacha kazi kwa mzee, lakini mkono wake haukuacha mazoea.

"Chukua tochi," akamwambia Kijiti. "Tunakwenda kwa wateja. Wewe ndiye utakayeingia chini ya vitanda. Umeyaanzisha mwenyewe, halafu unaenea huko chini."

Wakazunguka mitaa siku ile na siku zilizofuata. Kwa fundi cherehani, Kijiti alilala chali chini ya meza ya kukatia nguo, akasoma maandishi kwa sauti huku Mama akiyanakili. "Meza hii haijawahi kutikisika," fundi cherehani akasema. "Mimi ndiye ninayetikisika siku hizi." Kwa mzee mmoja mstaafu, Kijiti alitambaa chini ya kitanda, akatoka na utando wa buibui kichwani. "Nimelala juu ya barua mwaka mzima bila kujua," mzee akacheka, kisha akaupigapiga ubao wa kitanda kwa kiganja. "Mama yako ana mkono, binti. Mgongo wangu ni shahidi." Kijiti aliona jinsi watu walivyomkaribisha mama yake, jinsi walivyomwita Fundi kwa heshima, na moyo wake ukajaa. Lakini kadiri alivyojaa fahari ndivyo alivyozidi kuliogopa lile kabati.

Nyumba ya wageni waliiacha mwisho. Mwenye nyumba, mama mnene mwenye sauti ya upole, aliwaongoza hadi ukumbini. Kabati lilichukua ukuta mzima, milango sita, na kila mlango ulifungwa bila kelele. Kijiti alichomoa droo ya chini kabisa, akaingiza kichwa na tochi. Maandishi yalikuwa palepale, nyuma ya droo, meusi na safi. Bei ilikuwa kubwa kuliko zote walizozisoma. Akakumbuka Cheche. Akaona randa mpya ambayo mama yake aliitamani dirishani mwa duka ikitoweka.

"Hakuna kitu, Mama," akasema kwa sauti ndogo.

"Angalia nyuma ya droo."

"Nimeangalia. Hakuna."

Mama alipiga magoti sakafuni, akaichukua tochi mkononi mwa binti yake, akainama. Akasoma tarehe. Akasoma bei, taratibu, kama alivyosoma nyingine zote, akaandika. Kisha akairudisha droo, akamshukuru mwenye nyumba, wakaondoka. Kijiti alitamani ardhi ipasuke.

Walitembea mpaka kwenye kona ya duka la vifaa vya ujenzi. Hapo Mama akasimama.

"Ulikuwa unataka kunisaidia?"

"Ndiyo, Mama. Cheche alisema kodi itakumaliza. Nilitaka ununue randa." Machozi yakaanza kumtoka.

Mama alimfuta kwa ncha ya kitambaa chake. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi Kijiti. "Sikiliza, mwanangu. Miaka yote nilifanya kazi, jina likawa la mtu mwingine. Hii ni mara ya kwanza mtu kuniuliza mimi, kwa karatasi, umetengeneza nini mwaka huu. Lile kabati ndilo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya kwa mikono hii. Halafu niseme sikulitengeneza?"

Kijiti hakuwa amewahi kulifikiria hivyo. Alitikisa kichwa.

"Basi twende nyumbani. Kulipa nitalipa. Kulikana kabati langu, hapana."

Alhamisi walikwenda ofisi ya kodi. Walipokelewa na ofisa kijana mwenye tai, aliyeketi nyuma ya meza iliyowekewa karatasi iliyokunjwa chini ya mguu mmoja isiyumbe. Mama aliutazama mguu ule kwa huruma. Ofisa alipitia orodha ya kazi, kisha akazimwaga risiti kutoka kwenye kopo na kuzipanga. Ghafla akasimamisha kalamu.

"Mama, hapa katikati ya mwaka ulinunua mbao ngumu nyingi sana. Zilitengeneza nini?"

"Kabati la milango sita. Hilo hapo, mstari wa mwisho."

Ofisa akalitafuta, akalinganisha tarehe, akaafiki kwa kichwa. "Vizuri. Kama lisingekuwepo, ningekuuliza mbao zote hizi zimekwenda wapi, na jibu lingekuwa gumu."

Ofisa aliziondoa kwanza gharama za mbao, gundi, vanishi na usafiri, na kodi ikahesabiwa kwenye kilichobaki. Haikuwa ndogo, ila haikummaliza Mama kama Cheche alivyotisha. Randa ingesubiri, basi. Alipokitia muhuri cheti cha mlipakodi, ofisa alimwomba Mama mwaka ujao aandike kazi zake kwenye daftari. Mama akaahidi, kisha akashindwa kujizuia. "Na wewe mwanangu, huo mguu wa meza niletee siku moja. Kuuona tu kunaniumiza."

Nyumbani, Bibi alisikia habari ya daftari, akaguna. "Daftari nalo linashika moto. Mliweke mbali na jiko langu."

Muhula mpya ulipofunguliwa, madawati yalikuwa tayari. Mama na Kijiti waliyapanga darasani wakati mwalimu mkuu akiwa amesimama mlangoni, akipitisha mkono juu ya mbao laini za dawati lililokuwa karibu naye na kurudia kwamba hajaona kazi kama ile. Lilibaki dawati moja ambalo halijaandikwa chini. Mama alitoa penseli nyuma ya sikio, akampa binti yake.

"Kazi ya mikono yako usiifiche, Kijiti," akasema. "Hata kama unaificha kwa mapenzi. Fundi anayeogopa kusema alichotengeneza na alicholipwa, hata sifa zake ataziogopa. Ukweli una gharama, nimeilipa mwenyewe, lakini angalia ukweli huo umenipa nini." Akanyoosha mkono kuonyesha darasa zima.

Kijiti aliingia chini ya dawati, akalala chali, akaandika tarehe.

"Niandike na bei?"

"Andika. Ileile niliyolipwa."

Akaandika. Kisha, bila kuambiwa, akaisoma kwa sauti kubwa, na mwalimu mkuu akaisikia pale mlangoni.